Mnyama wa Mwalimu Tshibangu

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka soko la mtaa wetu uitwao Kenya, hapa Katanga, na dinosaria wa plastiki, mgongo umejaa magamba magumu. Nilishindwa kumshika mnyama huyo.

Zamani, Katanga ilipojitenga na nchi nami nikiwa mtoto wa shule, mwalimu wetu Tshibangu alituchorea mnyama kama huyo ubaoni. Darasa lilinuka chaki na moshi wa kiwanda cha shaba.

"Musiogope," alisema. "Hii nyama ilikuwa nakula majani tu. Ile mifupa ya mugongo ilikuwa ya kujikinga."

Sikuelewa kwamba wanyama hao walikwisha zamani. Nilidhani mwalimu anaye mmoja mahali, kama yale magari ya deraya ya jeshi yaliyokuwa yakielekea uwanja wa ndege wa Luano. Adhuhuri, nikienda nyumbani kula, askari wawili wakanisimamisha.

"Mwalimu yenu, ule wa Kasai, anabafundisha nini?"

Nikajibu kwa fahari, "Iko na nyama moja ya chuma. Inabomoa nyumba na mukia."

Sikujua kwamba siku hizo mtu wa jimbo la Kasai alihesabiwa adui wa Katanga na kushukiwa kwa lolote, wala kwamba nyama ya chuma ingesikika kama gari la vita. Alasiri ileile askari walikuja kumtoa mwalimu darasani. Alipofika kwenye dawati langu alisimama kidogo, akauliza kwa upole, "Ni nani alibaambia?"

Niliinama nikajifanya nafunga kiatu. Hakikuwa na kamba.