Picha ya Maharage ya Shangazi

Biashara huria iliporuhusiwa na kila mtu akajiita mfanyabiashara, mimi nilifungua chumba cha intaneti karibu na stendi ya Sumbawanga. Nilikuwa na kompyuta mbili, dishi juu ya bati na kibao mlangoni: "Tunatengeneza tovuti." Watu walikisoma, wakacheka, wakaenda zao. Sikubabaika hata kidogo. Nilijua ninachouza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa shangazi yangu wa Malangali, pembeni tu mwa mji. Ghala lake lilikuwa limejaa maharage, na dalali mmoja wa mjini alikuwa amelikodolea macho. Kila akipita alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akataja bei ya kejeli, kisha akaondoka akipiga mluzi. Alikuwa anasubiri mvua. Mvua zikianza, barabara ni tope, malori hayaji, maharage yanabunguliwa, na shangazi angebaki kumbembeleza yeye. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wote.

Nikatengeneza ukurasa kwa namna ninayowashauri watu hadi leo: namba ya simu juu kabisa, maneno machache, picha ndogo ili ifunguke upesi. Siku ya kupiga picha nilimkuta shangazi ameweka debe moja la maharage juu ya kigoda, chini yake kitambaa cheupe. Ghala lilikuwa na kufuli.

"Fungua basi, shangazi."

"Ghala lililojaa halionyeshwi, mwanangu. Macho ya watu hayo."

Kwetu ndivyo tulivyo. Mtu ana chakula cha kulisha kijiji, ukimuuliza anakwambia kimebaki kidogo tu. Nikapiga picha ya debe huku nikinung'unika.

Barua pepe ya kwanza ilitoka kwa mfanyabiashara wa upande wa pili wa mpaka wa Kasesya. Aliandika kwa adabu kwamba anatafuta maharage ya kujaza lori, hivyo anasikitika, sisi wa kuuza kwa debe hatutamfaa. Damu ilinichemka. Nilifunga chumba, nikaenda Malangali kwa miguu, hata shikamoo yangu siku hiyo niliitoa nimenuna.

"Marahaba. Umekuja kugombana?" shangazi akauliza.

"Mteja amekimbia kwa sababu ya debe lako! Watu wa mtandaoni hata Malangali hawaijui, watakuroga vipi?"

"Ghala sifungui."

Alikuwa mkaidi kama mimi, ndiyo maana tulipendana. Nilikaa kwenye jiwe uani. Mbele yangu wanawake aliowaajiri walikuwa wameketi kwenye mikeka, safu nzima kutoka jikoni hadi kwenye uzio, kila mmoja na ungo wake, wakichambua maharage na kupiga soga. Nikasimama.

"Na hawa je? Niwapige picha?"

Shangazi akawatazama. "Hao piga. Watu wako kazini, nani atawaonea wivu?"

Siku hiyohiyo nikabadilisha picha na kumjibu yule mfanyabiashara, maana mteja aliyeandika leo hasubirishwi hadi wiki ijayo. Jibu lilirudi upesi. Alisema wanawake wote wale hawawezi kuwa wanachambua debe moja. Anakuja.

Lori lilifika mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya. Vijana walipakia hadi gunia la mwisho, shangazi akisimamia mikono kiunoni. Dalali alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, safari hii bila mluzi.

Lori lilipoondoka, shangazi alifagia ghala, akafungua mlango wote, mabawa yote mawili, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Leta kamera yako," akaniambia. "Piga mpaka kwenye kona."

Nikapiga sakafu tupu, nikamwambia chini yake nitaandika: Yameisha, agizeni mapema ya msimu ujao. Akakubali kwa kichwa. Kisha akageukia barabara, dalali alikokuwa bado amesimama, akapaza sauti kwa upole wote wa mwenyeji anayemkaribisha mgeni:

"Karibu, baba! Leo njoo uchungulie vizuri."