Kikombe Alichorukwa Mchoraji

Mwaka jana nilirudi Lubumbashi kumwona dada yangu, nikawakuta binti zake, watu wazima wenye waume, wamejazana kitandani wakitazama katuni kwenye simu. Si katuni za watoto, ndugu yangu: visa vya dunia ijayo, kila kisa na watu wake, mapenzi humo, vifo humo. Kisa kilipokwisha wakaanza kugombana. Mmoja alikisifu, mwingine alisema ni upuuzi, wa tatu akasoma kwa sauti walichoandika watu wa nchi za mbali. Nilicheka peke yangu. Sisi wa mtaa wa Katuba tulikuwa na kitu hicho zamani, na hukumu yake ilitolewa kwa kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, na shaba ililisha mji mzima. Jirani yetu alikuwa mchoraji wa ramani za mgodi. Karatasi zilizoharibika ofisini, zile nyembamba zinazopitisha mwanga, alizileta nyumbani, akazigandisha ncha kwa ncha kwa uji wa muhogo, akachora juu yake kwa wino. Kisha alizivingirisha ndani ya sanduku lenye uwazi mbele na nyuma, kwenye mipini miwili ya fagio. Jumapili saa kumi alasiri, msimu wa baridi, sanduku lilipachikwa kwenye dirisha la sebule yetu, madirisha mengine yakazibwa kwa blanketi, na jua likapenya karatasi. Akizungusha polepole, nyumba zilipita. Akizungusha haraka, watu walitembea. Naapa, walitembea.

Watoto walifukuzwa, maana visa vilikuwa vya wakubwa. Kimoja kilihusu mume aliyekwenda kuchimba shaba mwezini, akarudi angali kijana, mkewe kikongwe. Kingine kilihusu mke wa chuma aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, bila kuchoka, mpaka mtaa mzima ukamwombea mume talaka. Mimi niliachwa ndani kwa sababu moja tu: ndimi niliyemimina munkoyo.

Munkoyo aliupika bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita nkambo. Uji wa mahindi, mizizi iliyopondwa, siku mbili za kungoja kando ya jiko. Hadi leo nikisikia harufu ile mate yananijaa. Kisa kikiisha, kila mtu alisema lake. Mwalimu, aliyepanga chumba chetu cha nyuma, alitoa alama kama darasani. "Cinq sur dix," alisema, yaani tano kwa kumi, juu ya kile cha mwezini. "Kule hewa haiko. Moto ya kuyeyusha shaba itawaka namna gani?" Wanaume wa tanuri la shaba, waliotoka zamu na macho mekundu, walimzomea. Lakini mwishowe wote walimgeukia nkambo. Akiniinamishia kidevu, nilimmiminia mchoraji kikombe cha kwanza, na kisa kimepita. Akitazama pembeni, ningemruka, na kisa kimeanguka. Mchoraji hakujali alama za mwalimu. Kikombe alikijali. Alikuwa hajawahi kurukwa, na bado kila Jumapili nilimwona akifuta viganja kwenye suruali akingoja kidevu kile.

Siku moja akaleta kisa cha bomba. Bomba la moshi la tanuri la shaba lilionekana kutoka kila uwanja wa mji. Mama zetu walianika nguo kwa kutazama moshi wake unaelekea wapi. Yeye alilichora bila moshi. Nyasi zimeota mlangoni mwa kiwanda, wanaume wamesimama nje na vyombo vyao vya chakula, watoto wanachekecha mawe kwenye kile kilima cheusi cha masalio ya shaba. Mwezi haumo, mke wa chuma hayumo. Alizungusha polepole mno. Hakuna aliyecheka.

"Zéro," alisema mwalimu. "Shaba ya Katanga haiwezi kwisha. Iko mu manuel, mu kitabu ya masomo."

"Na moshi ikikosa, bantu batakula nini?" akauliza mmoja wa wanaume wa tanuri, akijaribu kutania.

Mimi nilikipenda kuliko vyote. Nilinyanyua mtungi nikiwa na hakika, nikamtazama nkambo. Nkambo akatazama pembeni. Mchoraji alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamruka. Aliurudisha ule mkono akajikuna nao kichwa, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jikoni niliosha vikombe kwa hasira.

"Bikombe bimekukosea nini?" nkambo aliniuliza.

"Kile kisa kilikuwa muzuri, nkambo."

"Nani amesema iko mubaya? Iko muzuri kupita yote. Niliona mpaka batoto benu pa ile kilima. Lakini neno mubaya hatuinyweshake. Ukiipatia kikombe, itaingia, itaikala." Akafunika mtungi. "Na weye usimwambie. Akijua, ataleta ingine."

Sikumwambia. Mchoraji alirudi kwenye miezi yake na wake zake wa chuma, akapata vikombe vyake, na tulicheka misimu mingi ya baridi. Hata mwalimu alifika huit sur dix, nane kwa kumi. Zilikuwa siku tamu, sikudanganyi. Ila bomba hakulichora tena.

Siku niliyorudi, bomba lilikuwa limesimama palepale, halitoi moshi. Nkambo tulishamzika. Sanduku lililiwa na mchwa, karatasi pia. Lakini mchoraji yu hai, anaishi kwa bintiye, mtaa wa Bel-Air, na kesho yake nilinunua munkoyo, siku hizi wanauuza kwenye chupa za plastiki, nikaenda. Neno lile lilikwisha kuingia na kukaa bila kukaribishwa. Sikuona ubaya wa kulimiminia. Nikamweleza yote, nikampa kikombe kwa mikono miwili.

Alionja, akakunja uso. "Sukari mingi. Ya nkambo yako ilikuwa inapita hii."

Kisha akakitazama kikombe.

"Alisema kupita yote?"

"Kupita yote, papa."

Akakinywa chote, akafuta kiganja kwenye suruali, akaninyooshea kikombe tena.