Punje Mbili za Kahawa

Nakumbuka asubuhi moja ya umande kule Nyabiyonza, mwanangu, miaka ya themanini, nikiwa mwanachuo wa ualimu niliyepelekwa kupimwa darasani. Wewe nawe wiki ijayo unakwenda Mabira kwa kazi hiyohiyo. Kaa kidogo, kisha uende.

Somo langu lilikuwa umaskini wa mataifa. Nililiandaa kwa utaratibu: ramani ya dunia niliyoichora kwa mkono, na maneno mazito niliyoyakariri chuoni, "nchi zinazoendelea", "soko la dunia". Nyuma ya darasa aliketi mkufunzi wetu, Mama Theonestina, mtu asiyecheka ovyo. Angenikataa siku ile, cheti nisingekipata, na nyumbani kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, kilikuwa kimeshagawanywa kwa kaka zangu. Sikuwa na pa kurudi.

Wanafunzi wa darasa la sita walinitazama kama ng'ombe wanavyomtazama mpita njia. Nikauliza, "Kwa nini bei ya kahawa yetu imeshuka?"

Binti wa dawati la mbele, Restituta, akasimama.

"Ni kwa sababu ya baba, mwalimu."

"Baba yako?"

"Ndiyo. Mama anasema ni mvivu, hapalilii. Ndiyo maana kahawa yetu haina bei."

Wenzake wakacheka. "Na wewe umemrithi," mvulana mmoja akanong'ona, akihakikisha anasikika. Restituta akainamisha kichwa.

Nilikuwa nimefungua kinywa niseme, "Umekosea, kaa chini," nirudi kwenye ramani yangu. Mkufunzi akakohoa.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "mimi ni mgeni hapa. Tangu niingie sijapewa cha kutafuna."

Unajua kwetu Karagwe mgeni hukaribishwa kwa kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na ganda lake. Mgeni kukumbusha mwenyewe ni aibu ya wenyeji wote. Restituta akachomoa mfukoni kifurushi cha kahawa kilichofungwa kwa jani la mgomba, akamwendea mkufunzi, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Mama Theonestina akainuka, akachukua tunda moja, akalibandua, akatuonyesha punje mbili zilizolala kifua kwa kifua.

"Hii naitafuna mimi," akasema. "Mwenzake anakwenda wapi? Mwalimu atatueleza." Akarudi kuketi.

Nikaacha maneno ya chuoni. Nikaifuata ile punje kwa kidole kwenye ramani: kutoka kibanjani kwa kina Restituta hadi ghala la ushirika, Bukoba, meli ya ziwani, reli, bandari, hadi miji ya ng'ambo ambako watu huinywa wasijue Nyabiyonza ni nini. Kisha nikavuka bahari nyingine hadi Brazili. Huko nako wanachuma kahawa, nikasema. Wakivuna kwa wingi, kahawa hujaa sokoni na bei huanguka, kwao na kwetu, hata mtu apalilie mpaka mgongo upinde.

Restituta akanyoosha kidole kuelekea Brazili.

"Mwalimu, huko kuna mtoto kama mimi?"

"Wapo wengi."

"Bei ikianguka, na yeye anaambiwa baba yake ni mvivu?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimechora bahari kwa rangi ya buluu. Mtoto yule alikuwa ameivuka. Yule mvulana wa kunong'ona alikuwa ameshika tama. Nilipomtazama mkufunzi, taya lake lilikuwa limeacha kutafuna.

Njiani mkufunzi akaniambia, "Umefaulu."

"Ni wewe uliyefundisha, mama."

"Mimi nimekula kahawa tu. Lakini ungemwambia amekosea, angerudi nyumbani kwa baba yuleyule wa jana."

Basi ukifika Mabira, usianze na ramani. Anza na kilicho mfukoni mwa mtoto, ukifuate hadi mwisho wa dunia, wala usimwache katikati ya njia. Usione vyaelea, vimeundwa. Mfundishe kuuliza nani aliunda, na nani analipia. Usimwache mtoto ambebeshe mzazi wake lawama ya dunia nzima. Na likija jibu lisilo kwenye andalio lako, nyamaza kwanza. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyokauka na masikio mapana kuliko sauti hiyo, na kila darasa utakaloingia akuwekee humo mtoto mmoja wa kukunyamazisha.