Vibao vya Moja na Vibao vya Tano

Nilichora kiazi. Nalisema mwenyewe mapema, kabla mke wangu hajaniwahi kulisimulia mbele za watu, maana ndiyo hadithi yake ya wageni. Niliagiza seti ya vibao vya kuwekea dau kwenye poka, ule mchezo wa karata, vitengenezwe kwa michoro yangu mwenyewe. Kibao cha moja nikakichora kiazi mviringo, kibao cha tano nikakichora parachichi. Nilitaka mtu akivishika ajue yuko Mbeya. Kwenye karatasi ya daftari, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa sahani, vilipendeza kweli: kiazi na macho yake, parachichi na kikonyo chake. Lakini kibao chenyewe hakizidi sana kizibo cha soda. Ukichoma kiazi na parachichi kwa chuma cha moto juu ya kitu kidogo namna hiyo, unapata mayai mawili.

Hilo sikuliona. Nilikuwa nimeshughulika na kibao cha mia. Kwa kibao cha mia nilikaa wiki tatu nikichora mlima Loleza ukiwa na wingu kichwani, nikifuta, nikichora tena, nikimwita mke wangu aache vyungu aje aone wingu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ya kutengeneza redio naifanya barazani kwangu, na nikipungukiwa na spea natuma mtu sokoni Mwanjelwa. Harusi nakwenda nikikosa kisingizio. Ndiyo maana poka ilinifaa: watu wanakuja kwako, wanakaa, wanakunywa chai yako ya tangawizi, nawe hujavaa hata viatu.

Tulikuwa wanne. Mimi na mke wangu, ambaye ni mtu wa Iringa na hasahau kunikumbusha. Jirani yetu wa mkono wa kushoto, mama wa kwaya ya Kilutheri, aliyekubali kucheza baada ya kuhakikishiwa mara tatu kwamba hakuna hela: anayefilisika kwanza anaosha vikombe, basi. Na jirani wa mkono wa kulia, mzee Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa kwa miaka mingi kabla ya kumwachia mwanawe. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo. Alitufundisha kwamba mwenye karata mbovu ndiye anayepaswa kukaa kama mwenye karata nzuri, na mwenye nzuri akune kichwa. Mwenyewe alikuwa hatari. Ukimwona anasifia chai, jua umekwisha.

Mwanzoni tulitumia maharage kwa moja, punje za mahindi kwa tano na vizibo vya soda kwa ishirini. Ikawa kila Jumamosi maharage ya mama wa kwaya yanaongezeka katikati ya mchezo. Mke wangu alipomkagua mfuko wa sweta, akakuta konzi nzima.

"Haya ni ya kupanda," alisema mama wa kwaya, bila hata kupepesa macho.

"Unapanda saa hizi? Julai?"

"Mimi napanga mapema."

Hapo ndipo niliposema basi, tutengeneze vibao vya kweli. Miiko yetu yote jikoni imetoka kwa fundi mmoja mwanamke, mkerezaji wa mbao, pale Kihesa, Iringa. Nikampigia, nikapiga picha michoro, nikamtumia kwa simu. Akaniuliza, "Baba, nifanye hivyo hivyo kama ulivyochora?" Nikamjibu, kwa sauti ya msanifu, "Hivyo hivyo, mama. Usibadilishe kitu." Akauliza tena. Nikamjibu tena.

Mzigo ulipofika tuliufungua wote wanne, Jumamosi mchana, ukungu umejaa uani.

"Haya ni mayai?" akauliza mama wa kwaya.

"Ni kiazi na parachichi."

"Kiazi ni kipi?"

Nikakigeuza kimoja, nikageuza kingine. "Hiki."

"Hicho ni parachichi," akasema mke wangu. "Si kina kikonyo?"

"Hicho si kikonyo. Ni jicho la kiazi."

Wanawake wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee hakucheka. Alikuwa amekishika kimoja mkono huu na kingine mkono ule, anavipitishia kidole gumba, taratibu. Vyote vilikuwa laini kama sabuni.

"Mbao nzuri sana, kijana," akasema. Kijana ni mimi, mwenye wajukuu wawili.

Mzee ana presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kulinda. Karata alikuwa akizisogeza mpaka karibu na pua na bado anazisoma. Vitu vya mezani ndivyo vilivyokuwa vimegeuka ukungu. Maharage na mahindi alikuwa akivitambua kwa vidole, nasi hatukuwahi hata kuliona hilo. Tulidhani ana mazoea tu ya kuvichezea. Sasa nilikuwa nimempa vibao vya moja na vya tano vyenye unene mmoja, uzito mmoja na yai moja.

Siku hiyo alisukuma tano akidhani ni moja. Mke wangu akamwambia kwa upole, "Mzee, hiyo ni tano." Baadaye tena, "Mzee, tano." Mara ya tatu mzee akarudisha mikono yake mapajani. Kuanzia hapo kila akigawiwa karata alizitupa, akajitoa kabla ya kuweka dau. Mtu aliyetufundisha kutisha watu kwa karata mbovu, anatupa tu, anatupa tu. Mama wa kwaya alishinda, na kwa mara ya kwanza hakujisifu.

Wakati wa kuondoka mzee akasema, "Jumamosi ijayo msinisubiri. Chezeni tu." Jumamosi hiyo akapiga simu kwamba ana mafua. Iliyofuata, mafua yale yale.

Nilijua ni mafua gani. Aliwahi kuniambia, tukiwa tumesimama kwenye ua unaotutenganisha, "Kwenu ndiyo mahali pekee watu wananikosea adabu. Nyumbani kwangu wananishika mkono hata nikienda msalani." Mkewe alishafariki. Gazeti hasomi tena. Alikuwa amebakiwa na Jumamosi, nami nimeichomea mayai.

Nikampigia fundi simu nimweleze shida. Akanisikiliza, halafu akasema, "Mambo ya vidole hayaendi kwa simu, baba. Njoo."

Nikaenda Iringa. Mke wangu anasema nilifunga mzigo kama mtu anayehama nchi, makoti mawili na mto wangu wa kulalia. Si kweli. Koti la pili lilikuwa jepesi.

Fundi nilimkuta uani kwake, mama wa miaka kama sitini, amevaa gambuti, vumbi la mbao limemkaa mpaka kwenye kope. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia kama mke wangu alivyonifundisha, vibaya. Mashine yake ya kukerezea aliachiwa na baba yake, na haruhusu mtu mwingine aiguse. Akamimina vibao vyangu juu ya gunia, akavitazama, akaanza kucheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mama, sasa mbona hukuniambia?"

"Si ulisema hivyo hivyo? Mara mbili ulisema. Nikajua labda nyie watu wa Mbeya ndiyo mnapenda mayai."

"Ni viazi."

"Basi mnajisifu hata kwa viazi." Akapangusa macho. "Haya. Mkicheza, kipi kinashikwa sana?"

"Hivi vidogo. Moja na tano. Haviachi mkono."

"Na hiki cha mlima?"

"Labda mara moja kwa mwezi."

"Mlima ulichora siku ngapi?"

Nikamwambia.

"Na hivi vidogo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilivichora nikisubiri chai ichemke. Safari hii hakucheka. Alikigeuza kibao cha moja mkononi kwa muda, kama mtu anayekionea huruma.

Kilichofuata nimekieleza kwa watu wengi, nao huwa wananitazama kama ninasimulia habari za mpira wasioujua. Lakini mimi nimekaa na mafundi maisha yangu yote, mwenyewe najiita fundi, na sijaona mtu anafikiri kwa mikono namna ile. Alikereza kibao, akakitoboa tundu katikati, akafumba macho, akakishika. Akakitupa. "Tundu litajaa unga wa chapati." Akakereza kingine, akakikata meno ukingoni. Akapanga kumi vya namna hiyo, akauangusha mnara kwa kidole, akaona vinang'ang'aniana. Akavitupa vyote. Hakunung'unika hata kidogo. Alikuwa anaimba chinichini muda wote, na akitupa kitu wimbo hauyumbi.

Mwisho akachukua patasi nyembamba, akachonga usoni mwa kibao cha paini cheupe tuta moja, limenyooka kutoka upande hadi upande. Kwenye kibao cha mwati, ule mti mwekundu wa kuchomea mkaa, akachonga matuta matano.

"Kwetu Kilolo ukitoka shambani jioni huoni kitu, unatembea na miguu inahesabu matuta," akasema. "Hujikwai."

Ukingo wa kila kibao aliuacha umeinuka kidogo ili vipangike bila kuyumba, na alichonga pande zote mbili ili mtu asipoteze muda kugeuza. Halafu akanifunga macho kwa kitambaa chake cha kichwa chenye harufu ya maranda, akanichanganyia vibao ishirini vya aina zote mbili. Nikavitenga bila kukosea, isipokuwa kimoja cha tano ambacho tuta lake la mwisho lilikuwa limezama. Kwangu mimi kilikuwa kizuri tu. Yeye alikitupa kwenye jiko la mkaa tulipokuwa tunapikia chai, bila kukitazama mara ya pili.

Ilichukua siku mbili na nusu. Sikukumbuka nyumbani mpaka siku ya pili jioni, na hilo mke wangu hataki kuliamini hadi leo. Nilipouliza kama tutarudia na mlima, fundi akasema mlima uache, ni mzuri, wacha nao ukae na heshima yake huko juu.

Jumamosi nikaenda mwenyewe kwa mzee. Alikuwa ameketi sebuleni, televisheni inaongea peke yake.

"Njoo uone vibao vipya," nikasema.

"Nina mafua, kijana."

"Njoo nayo."

Akaja. Alikaa mahali pake, mgongo kwa dirisha. Sikueleza kitu, nilimsukumia tu fungu lake. Akaweka vidole juu. Kidole gumba kikapita kwenye kibao cha kwanza, kikasimama, kikarudi. Kikaenda cha pili. Kisha mkono wote ukaanza kazi, haraka kuliko nilivyowahi kuuona: vyeupe huku, vyekundu kule, minara miwili iliyonyooka, na uso wake unatazama sufuria ya chai. Hakusema asante. Aliuliza tu nani anagawa.

Michezo miwili ya kwanza alicheza kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Wa tatu, mama wa kwaya alipata karata. Tulijua kwa sababu alianza kukuna kichwa kwa bidii kama alivyofundishwa. Akaweka tano. Mimi na mke wangu tukatupa. Mzee akaweka tano, akaongeza moja. Akaongeza nyingine moja, halafu moja, kimoja kimoja, akikipapasa kila kimoja kabla ya kukiachia kama mtu anayeagana nacho. Kisha akachukua mnara mzima wa vyekundu, akausukuma katikati bila hata kimoja kuanguka.

"Mama," akamwambia mke wangu, "chai ya leo ni tamu sana."

Mama wa kwaya alimtazama. Akazitazama karata zake, akatutazama sisi kama mashahidi wa ajali. Alijua maana ya chai ile, sote tulijua. Akazitupa, na zilipoanguka tukaona jozi mbili, wafalme na tisa.

Mzee akazilaza zake mezani moja moja. Hapakuwa na jozi. Hapakuwa na kitu chochote.

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikaangalia dari. Mzee akavuta vibao vyote kwake, akaanza kuvitenga kwa vidole, vyeupe huku na vyekundu kule, bila haraka, midomo imebana kicheko. Mama wa kwaya akakusanya karata, akazipigapiga mezani zilingane, akamwekea mzee mkononi na kusema:

"Mzee, macho yamekuishia lakini roho mbaya bado unayo yote. Gawa karata."