Taulo la Wageni

Mama mkwe wangu alikuwa hafuti mikono. Ananawa vizuri, tena kwa sabuni, halafu anaikung'uta mara mbili tatu na kusimama ameiinua mbele ya kifua, vidole ameviachanisha, mpaka ikauke yenyewe. Maji yanadondoka sakafuni, na mimi nimetoka kupiga deki sasa hivi. Taulo linaning'inia mbele ya pua yake, wala halitazami. Ni jambo dogo, lakini lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza bila kuona aibu.

Alikuwa amekuja kutoka Mbebe, kule Ileje, kunisaidia kulea. Ulikuwa msimu wa mvua na Tunduma kulikuwa na kipindupindu. Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu asubuhi na jioni kutukumbusha kunawa na kuchemsha maji. Maji yenyewe ya bomba yalitoka siku yanapojisikia. Siku nyingine tulinunua ya dumu kwenye mkokoteni, na dumu hujui jana lilibeba nini. Mwanangu alikuwa na miezi minane. Kabla yake nilizaa mtoto aliyeishi wiki tatu tu, kwa hiyo woga wangu haukuwa wa kawaida. Niliogopa nzi. Niliogopa kijiko kilichoanguka. Zaidi ya yote niliogopa mikono ya watu wanaosema, "Hebu nimbebe kidogo."

Nikajipanga. Niliweka ndoo ya koki mlangoni juu ya stuli, beseni chini yake, na kipande cha sabuni ya mche nilichokitoboa na kukifunga kamba. Asiyenawa haingii. Nyumba yetu haiko mbali na mpaka, na ndugu za mume wangu wa upande wa Zambia wakivuka kuja sokoni lazima wapite kutusalimia. Kabla hawajamaliza kutoa salamu yao ya "mulishani" nimeshawaonyesha ndoo. Mmoja alinitania kwamba kuingia kwangu ni kazi kuliko kuvuka mpaka. Nilicheka naye, ila ndoo haikuondoka. Na juu ya ndoo, kwenye msumari, nilitundika taulo jeupe lenye maua niliyoyadarizi mwenyewe nikiwa na mimba. Hilo ndilo lilikuwa taulo la wageni. Nililifua kila Jumamosi, na majirani walilisifia.

Asubuhi moja mtoto aliharisha mara mbili kabla ya uji. Nikajiambia ni meno. Kufika saa nne alikuwa ametoa maji matupu, sijui mara ya ngapi, na nepi zote zimelowa. Nilimpapasa kichwani nikakuta utosi umebonyea. Kidole changu kilizama kidogo tu. Yule wa kwanza naye alianza hivyo hivyo.

Mama mkwe akaenda kwenye ndoo, akanawa, akakung'uta, akaja ameinua mikono ile inayodondosha maji ili ampokee.

"Usimguse, Mama," nikamwambia. "Hiyo mikono sijui imeshika nini."

Nilijisikia nikiyasema, na sikuyarudisha. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akaishusha mikono taratibu.

"Haya, mwanangu. Mbebe wewe. Twende tukamwonyeshe."

Nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda zahanati. Mama mkwe alitembea nyuma yangu amebeba mkoba. Njiani nilikuwa namsikiliza mtoto kwa mgongo, kama bado anapumua. Nilikuwa nimeyaona mahema ya wagonjwa wa kipindupindu yamezungushiwa kamba ili watu wasipite ovyo, na wazo la kuingia humo naye na kutoka peke yangu lilikataa kunitoka kichwani.

Nesi alimlaza kitandani, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ilichelewa kurudi. Akasema amepungukiwa maji, tuanze kumnywesha sasa hivi, na kama akitapika au akizidi kulegea watampeleka kwenye mahema. Akachanganya pakiti ya ORS kwenye jagi na kunipa kikombe na kijiko.

"Kanawe kwanza ndipo umnyweshe."

Hapo nilijiona mwalimu kabisa. Nilinawa nje, kwenye bomba linaloonekana kwa dirisha, sabuni mpaka katikati ya vidole, makusudi nesi anione, na mama mkwe aone. Yeye naye akanawa baada yangu. Nikarudi haraka huku najifuta kwa mbeleko iliyokuwa bado imening'inia begani.

"Rudi kanawe tena," nesi akasema.

"Kwani sikunawa?"

"Umenawa vizuri sana, dada. Halafu umefutia hapo alipokuwa mtoto anayeharisha. Nyumbani mnafutia nini?"

"Taulo," nikasema. "Tuna la wageni."

"Wageni wote, moja hilo hilo? Na mvua hizi, linakauka?"

Lilikuwa halikauki. Kila nilipoligusa lilikuwa na unyevu, na mimi ule unyevu niliupenda, niliuona ushahidi kwamba watu wananawa. Kila baada ya uji nilivuta pembe yake, ile yenye maua, nikamfuta mwanangu mdomo. Yeye anaota meno. Alikuwa anaishika ile pembe na kuinyonya, nami namwacha, nacheka.

Nilirudi bombani, nikanawa tena. Safari hii sikuwa na kitu cha kufutia ninachokiamini. Nikasimama kando ya kitanda nimeinua mikono mbele ya kifua, inadondosha maji, naogopa kuigusa nguo yangu mwenyewe. Mtoto alifungua mdomo kulia. Sauti ilitoka kidogo, machozi hayakutoka kabisa. Upande wa pili mama mkwe alikuwa amesimama vilevile, ila yake ilikuwa imeshakauka.

"Mama," nikasema, "mnyweshe wewe."

Akampakata mtoto. Akachukua kijiko. Kimoja, anasubiri, kingine. Kila mtoto alipokunja uso nilijua sasa anatapika. Nilihesabu vijiko mpaka nikapotea, nikaanza upya. Saa nane hivi bibi yake akaacha kunywesha, akatazama sketi yake iliyolowa.

"Amekojoa," akasema, na hapo ndipo nililia.

Haikuwa kipindupindu. Nesi alisema hakuna anayeweza kujua kwa hakika ni taulo, au mbeleko, au maji ya dumu. Angenihakikishia ni taulo ningelichoma nikalala. Sasa ni miaka kadhaa, mtoto anakimbia, kila mtu nyumbani ana kitambaa chake kinachoanikwa juani, na bado nikishika kitu chenye unyevu naenda kunawa upya.

Jioni ile tuliporudi nilishusha taulo msumarini, nikamwomba mama mkwe msamaha. Halafu nikamuuliza kwa nini hakuwahi kulitumia.

"Siku ya kwanza nilitaka kufuta, nikalikuta bichi na linanuka," akasema.

"Sasa mbona hukuniambia, Mama?"

Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Alimaliza fundo kwanza.

"Nilikuogopa, mwanangu."