Kitabu Kilichofika Altareni

Watu wa parokia yetu, upande huu wa Njoro, humsifu mtu akishazikwa. Mwalimu Kabiru bado yu hai, ndiyo maana hakuna anayemsifu. Basi nitamsema mimi, jirani yake, na atakayekasirika na akasirike.

Kabiru alianza ukatekista wakati shamba la mzungu lilipogawanywa na watu wakapewa ekari zao. Karibu kila aliyebatizwa hapa alifundishwa naye, katika kile kibanda cha mabati ambacho leo padre anafugia kuku. Kitabu chake cha kufundishia alipewa na padre mzee wa ng'ambo aliyekuwa anarudi kwao kufa. Kilikuwa cha historia ya Kanisa, cha kale sana, kizito kama jiwe la kusagia, na kila picha ilifunikwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Maneno yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu hapa anayeijua, Kabiru akiwa wa kwanza. Hakujali, alifundisha kwa picha. Kulikuwa na Wakristo wakitupiwa simba, mapapa vitini mwao, watawa wakilima, meli za wamisionari. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa ya mume na mke wamelala chini, wamekufa, mbele ya Mtume Petro, kwa sababu walimtolea Mungu kisha wakajibakizia kidogo. Hapo Kabiru alishusha sauti. "Kilichofika altareni si chako tena," alisema, nasi watoto tukaacha hata kujikuna.

Mkewe, Wamuyu, akaja kupatwa na kiharusi. Alipoteza maneno karibu yote, na majina ya watoto wake pia, Maina na wadogo zake, wale wanaopiga simu Krismasi. Kitu kimoja tu kilimtuliza. Kila jioni Kabiru alikipakata kile kitabu, akafunua, na Wamuyu akaweka kidole juu ya picha. "Simba," alisema. Akifunuliwa nyingine, "Meli." Hayo ndiyo mazungumzo waliyobaki nayo baada ya ndoa ya maisha mazima. Jioni ambayo Kabiru alichelewa, tulimsikia Wamuyu akilia mpaka kwetu.

Parokia ikafika jubilii. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Sue, mmoja wa watoto waliofundishwa na Kabiru, siku hizi mama mkubwa mwenye gari. Alikuja na mkate na maneno matamu.

"Mwalimu, tulikuwa tunaomba kile kitabu, hiyo Sunday moja tu. Tutaweka kwa meza ya vitu za zamani, Bishop aone vile tumetoka mbali. Jioni nitakurudishia mimi mwenyewe."

Kabiru alinawa mikono, akakifunga kwa leso ya Wamuyu, akampa.

Siku yenyewe ile meza ilichukuliwa na watu wa keki. Sue alikuta kitabu kimewekwa mlangoni kando ya vikapu vya matoleo, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimejaa askofu na viti vya wageni, akamwambia msichana wa kwaya akibebe kwenye maandamano, nyuma ya kabeji, mbele ya kondoo. Kabiru alikuwa ameketi mbele. Alipokiona alitabasamu, akadhani ameheshimiwa. Askofu akakipokea kwa mikono miwili, kikawekwa pamoja na unga na viazi.

Sasa, kila mtu hapa anajua matoleo huenda wapi baada ya misa. Hutolewa uwanjani yakapigwa mnada. Bravin, kijana mwenye maikrofoni, aliuza kondoo, akauza jogoo, kisha akakiinua kitabu.

"Haya wapendwa, kitabu ya wazungu, ya kitambo! Nani anaenda nayo?"

Nilimvuta Kabiru mkono. "Mwalimu, sema ni chako."

Aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Nikamfuata Sue, nikamleta. Aliinama mbele ya mzee kwa adabu yote.

"Pole sana, Mwalimu, nilisahau kabisa. Lakini sasa imeshafika altareni. Si ni wewe ulitufundisha?"

Kabiru aliitikia kwa kichwa. "Ni mimi," akasema.

Asante ya punda ni mateke. Mathenge, mwenye hoteli kule Mai Mahiu, alikinunua, akapigiwa makofi na vigelegele.

Jioni ile Wamuyu alinyoosha mikono kungoja. Kabiru alimletea kalenda ya watakatifu, Wamuyu akaisukuma. Akamletea albamu ya harusi yao, naye akaisukuma pia. Baada ya kusikia kilio kile wiki nzima nilimwambia Kabiru avae koti, tukaenda Mai Mahiu.

Madereva wa malori walikuwa wanakula nyama. Ukutani juu ya vichwa vyao, ndani ya fremu za kung'aa, walikuwa simba wetu, meli zetu, mapapa wetu. Papa mmoja alikuwa tayari amerukiwa na mchuzi.

Mathenge si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alitusikiliza hadi mwisho, akatuagizia chai, akaingia ofisini na kurudi na kitabu.

"Chukua tu, mzee, nimekupatia. Mimi nilitaka picha pekee. Maneno yote iko ndani, hakuna hata moja nimegusa." Kisha akafunua mwanzo. "Hii nayo niliacha. Nani atakula nyama akiangalia maiti?"

Kabiru alisema asante. Mimi nilitamani kumwagia mtu ile chai, sijui nani, labda kamati nzima.

Sasa kila jioni Wamuyu hufunua. Kurasa za maneno huzipita, hupapasa pale wembe ulipokata, hugeuza, hutafuta simba. Akifika mwisho hurudi mwanzo, kwa ile picha iliyobaki, akaweka kidole kwa mume, kisha kwa mke.

"Wamelala," husema.

Zamani Kabiru alikuwa akimsahihisha. "Hapana, Mama Maina, walikufa. Walimnyima Mungu." Siku hizi humwachia neno lake. Hukifunga kitabu, hukirudisha kwenye leso, na Wamuyu huanza kulia.