Surua ya Bibi Eliwaza

Alizaliwa milimani Upare Kusini, juu ya Ndungu, mwaka ambao hakuna aliyeuandika; mama yake alikumbuka tu kwamba ulikuwa wa nzige, na kwamba reli ilikuwa bado haijafika Same. Aliitwa Namkunda. Aliolewa akiwa msichana, na mtoto wake wa kwanza, binti, akaota jino la juu kabla ya la chini. Siku zile mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi wa ukoo mzima. Wazee walimchukua kwenda mwambani, wakarudi mikono mitupu. Namkunda hakulia mbele yao. Alilima siku ile hadi jua likatua, na jembe likavunjika mpini.

Mwaka 1922 alibatizwa akaitwa Eliwaza. Wakati huo alikuwa na mwana mmoja, Fanueli, tena alikuwa na kidole kilichosifika: akina mama walimletea watoto wachanga awapapase ufizi, atangaze ni jino gani linakuja. Ndipo wito wake ulipomfikia, nao haukuja kwa ndoto wala kwa malaika. Alipogusa jino la juu, alikunja uso na kusema, “Huyu ana surua. Abaki kwangu na mama yake, mtu asikaribie.” Wakakaa ndani, wakila makande yake, mpaka meno ya chini yatoke. Kisha mtoto akatolewa nje akiwachekea watu wote, na wazee wakashangilia.

Kwa miaka kumi na miwili kijiji hakikupata kigego hata mmoja. Serikali ya Waingereza ilisema ni kwa sababu ya amri yake ya kukataza kuua vigego. Kanisa lilisema ni maombi. Mzee Aminieli yeye alitazama tu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Zaburi siku ya Jumapili na wa kuhesabu meno ya watoto wa wenzake kuanzia Jumatatu.

Mwaka 1934 Fanueli alipata mtoto, Asheri, na jino la kwanza likatoka juu. Bibi akatangaza surua. Lakini safari hii alikuwa mjukuu wake, na hofu ikamsahaulisha jambo ambalo kila mzazi analijua. Ernesta, jirani yake, alisimama uani na mtungi kichwani.

“Surua? Si aliugua mwezi uliopita, tukamwona sote na vipele vyake?”

“Imerudi.”

“Bibi, surua hairudi. Labda huyo ana surua ya kinywani.”

Maneno hayo yalifika kwa Aminieli kabla mtungi haujatuliwa. Asubuhi iliyofuata alikuja na wanaume watatu. Ndani, Ruthi, mama wa mtoto, alimkumbatia Asheri hadi akakosa pumzi. Bibi alikaa kizingitini akichambua maharage.

“Shikamoo, Mama Fanueli.”

“Marahaba. Umekuja na kwaya?”

“Tumekuja kuona kinywa cha mtoto.”

“Ingieni.” Hakusogea. “Ila humu wamepita wengi, na mmoja ni wako, Aminieli. Nikianza kutaja kwa Asheri, nitamaliza kuwataja wote.”

Aminieli alikuwa na wana wanne, na wote waliwahi kuugulia surua kwa Bibi. Akawatazama wenzake, nao kila mmoja alikuwa anahesabu wa kwake. Wa nyuma akakumbuka kwamba leo ni zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la mfereji, akaondoka. Wengine wakamfuata. Asheri aliishi. Lakini inasimuliwa kwamba tangu siku hiyo Aminieli hakula chakula kwa raha: wanawe walipotafuna, yeye aliwakodolea vinywa, akimshuku huyu leo na yule kesho.

Mwaka 1957 Eliwaza aliugua akajua haponi. Aminieli, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa, alibebwa kwa machela kupanda mlima hadi kwake.

“Bibi, usiondoke na jina hilo. Ni yupi?”

“Akina nani wamekuleta?”

“Wanangu. Wote wanne.”

“Basi ni mmoja wao. Ungependa machela ikose mbebaji upande upi?”

Mzee alifunika uso kwa kofia yake. Eliwaza alifariki Jumamosi iliyofuata, na wana wale wanne wakaliweka jeneza lake mabegani.

Huku kwetu mama akimficha mtoto machoni pa watu, bado wanasema ana surua ya Eliwaza, na hakuna anayechungulia. Tumuige kinamama na kinababa: tuwe na mlango wa kumficha mtu, na mdomo wa kuufunga baadaye. Wapo wanaotilia shaka, wakiuliza kama mtakatifu anaweza kusema uongo kuhusu ugonjwa. Hao nao waulizwe kwa upole meno yao yalianzia wapi.